Kuchoma Dhahabu Bila Kuvuta Zebaki: Mwongozo kwa Mchimbaji Mdogo na Watu wa Nyumbani Kwake

Mtu anayeshika zebaki kwa mkono mtupu kila siku mwaloni, mahali pa kusagia na kuoshea mawe ya dhahabu, na kuona haumwi, huamini kwamba haina neno. Kinachompotosha ni njia ambayo zebaki inaingilia mwilini. Ukimeza tone la zebaki ya maji, tumbo hunyonya chini ya asilimia 0.01 yake na sehemu iliyobaki hutoka na choo. Ukivuta mvuke wake, mapafu hubakiza takriban asilimia 80. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na hauwashi koo unapoingia. Ndiyo maana anayechoma donge la dhahabu iliyoshikana na zebaki jikoni kwake, mtoto akiwa mgongoni, hajui kama kuna jambo limetokea.

Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa linalofukutwa hulifikia bila shida. Lakini hata bila moto inaendelea kuvukiza. Chumba kilichofungwa, chenye nyuzi 20 tu na kopo la zebaki lililo wazi, hewa yake inaweza kufikia miligramu 13 hivi za zebaki katika kila mita ya ujazo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa hewa ya kuvuta mwaka mzima ni mikrogramu 1 kwa mita ya ujazo, yaani sehemu moja ya elfu ya miligramu. Sasa chukua donge la gramu 10 lililokamuliwa vizuri. Ndani yake mna zebaki ya gramu 4 hadi 5. Gramu 4 zikienda hewani zinatosha kuzifikisha mita za ujazo 4,000,000 kwenye kiwango hicho, na chumba cha kawaida cha kulala hakizidi mita za ujazo 30.

Ikishaingia kwenye damu, zebaki huenda kwenye ubongo na figo, na hupita kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Mwili huchukua miezi miwili hivi kutoa nusu ya zebaki uliyobeba, kwa hiyo anayechoma kila wiki huongeza mzigo mpya kabla ule wa zamani haujatoka.

Anzia kabla ya moto: punguza zebaki unayotumia

Ritoti nzuri, yaani chungu kilichofungwa cha kuchomea donge na kurudisha zebaki, haitakuokoa kama zebaki inamwagwa ndani ya karasha, mashine ya kusagia mawe. Kuna wanaoichanganya na mawe yote yanaposagwa, wakidhani itakamata dhahabu nyingi zaidi. Kinachotokea ni kinyume chake. Vyuma vya karasha huisaga zebaki ikawa vitone vidogo kama unga, vitone hivyo havishikani tena, na maji yanapopita huvibeba kwenda kwenye marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa) pamoja na dhahabu iliyogandana navyo. Kwa njia hii mchimbaji anaweza kupoteza gramu 3 hadi 50 za zebaki kwa kila gramu 1 ya dhahabu anayopata. Zebaki aliinunua, dhahabu aliitolea jasho, na vyote viwili vinabaki kwenye lundo la marudio ambalo mwenye mtambo wa sayanaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu iliyobaki, atalinunua kwa bei ndogo.

Saga mawe bila zebaki. Pitisha unga wake kwa maji kwenye mteremko wa mbao uliotandikwa zulia au magunia, mteremko wa nyuzi 5 hadi 15. Ukiwa mkali mno, au maji yakiwa mengi mno, chembe ndogo za dhahabu hupaa juu ya zulia na kuondoka. Ukilala mno, mchanga mwepesi hujaza nyuzi za zulia na dhahabu haipati pa kushika. Fua zulia kwenye beseni kila baada ya muda mfupi badala ya kungoja jioni. Kisha punguza mchanga kwa karai hadi ubaki ule mzito, mweusi. Ni huo tu unaoruhusiwa kukutana na zebaki, na mara nyingi hautazidi ndoo moja pale ulipoanza na tani nzima.

Zebaki ichanganywe ndani ya beseni au ndoo, mbali na mto na kisima, mikono ikiwa na glavu za mpira zisizotoboka. Maji ya kuoshea yaishie kwenye shimo lililotandikwa turubai zito, ili zebaki iliyoponyoka itulie chini na uweze kuikusanya. Kamua donge ndani ya maji kwa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, na ukamue hadi lisitoe tone tena. Hapa watu wengi huharakisha. Kila gramu unayoikamua sasa ni gramu ambayo haitakuwa mvuke baadaye, na inarudi kwenye chupa yako ikiwa nzima.

Chupa yenyewe iwe ya plastiki nene au ya chuma, yenye kifuniko cha kukaza, na juu ya zebaki pawe na maji ya sentimita 2 kuzuia mvuke. Usitumie chombo cha alumini, kwani zebaki hukila. Wala usitumie chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hawezi kujua kilichomo.

Ritoti na namna ya kuitumia

Ritoti ni chungu kidogo cha chuma chenye kifuniko kinachokazwa, na bomba linalotoka juu yake kushuka hadi kwenye kikombe cha maji. Mvuke unapanda, unaingia bombani, unapoa, unarudi kuwa zebaki na kudondoka kikombeni. Fundi wa kulehemu anaweza kuitengeneza kwa viungio vya mabomba ya maji, lakini mwambie mambo mawili. Kwanza, asitumie shaba wala alumini popote mvuke unapopita, maana zebaki hushikamana nazo na kuziharibu. Pili, bomba lililopakwa zinki lazima lichomwe likiwa tupu mahali pa wazi hadi zinki yote iishe, na watu wakae mbali, kwa sababu moshi wa zinki nao huleta homa na kubana kifua. Chuma cheusi au kisichoshika kutu ni bora kuliko hivyo vyote.

1. Chagua mahali pa wazi, mita mia kadhaa kutoka nyumba ya mwisho, na usimame upande upepo unakotokea. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiwepo kabisa, hata kwa kushika tochi.

2. Paka ndani ya chungu chaki iliyosagwa na maji kidogo, uiache ikauke. Bila hiyo dhahabu hung'ang'ania chuma, na mwenye dhahabu ataapa kutoitumia ritoti tena.

3. Weka donge. Lisizidi nusu ya chungu, kwa sababu zebaki inapochemka huruka na inaweza kuziba bomba.

4. Paka kwenye ukingo wa kifuniko udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu, kisha kaza. Ufa mdogo kama unywele unatosha kukuvuruga mapafu.

5. Bomba lishuke, lisilale, na liwe na urefu wa sentimita 40 au zaidi. Lizungushie kitambaa kilicholowa na uwe unakimwagia maji kila mara, maana bomba likipata joto mvuke utatoka mwishoni bila kupoa.

6. Mdomo wa bomba uguse tu uso wa maji ya kikombe. Usiuzamishe. Chungu kinapopoa, hewa ndani yake hunywea na kuvuta. Kama mdomo umezama, maji hupanda bombani hadi kwenye chuma chekundu, yanageuka mvuke mara moja, na ritoti inaweza kupasuka usoni pako.

7. Washa moto, anza polepole. Joto lizunguke chungu chote, na kifuniko pia, kwani kifuniko kikiwa baridi zebaki hugandia pale na kudondokea tena dhahabu, ukachoma saa nzima bila kumaliza. Ongeza moto hadi chini ya chungu kuwe chekundu hafifu. Kwa gesi, donge dogo huchukua dakika 15 hadi 30. Kwa mkaa na mvukuto ni dakika 30 hadi 45.

8. Gonga bomba taratibu ili matone yaliyoshika ndani yashuke. Yakipita dakika 5 moto ukiwa mkali na hakuna tone jipya, shusha kikombe kwanza, ndipo uondoe moto.

9. Ngoja chungu kipoe hadi mkono uweze kukishika. Anayefungua kingali moto huvuta kwa pumzi moja mvuke wote uliobaki, na hapo ritoti inakuwa haikumsaidia chochote.

10. Pima. Donge lilikuwa gramu 10, dhahabu imetoka gramu 5.6, zebaki ya kikombeni ni gramu 4.1. Gramu 0.3 hazipo. Zimekwama bombani au zimevuja, na unapaswa kujua ni wapi kabla ya kuchoma tena. Ritoti iliyofungwa vizuri hurudisha asilimia 75 hadi 95 ya zebaki, kwa hiyo hata pesa ya kununua nyingine inabaki mfukoni.

Dhahabu ikitoka nyeusi au ya kahawia, usidhani imeharibika. Ni rangi ya juu tu, na huondoka dhahabu inapoyeyushwa pamoja na boraksi, unga mweupe unaotenganisha uchafu. Ikitoka bado nyeupe, moto ulikuwa mdogo. Irudishe ndani, usiimalizie kwenye mkaa wa wazi.

Sababu kubwa ya ritoti nyingi kukaa ghalani ni kuaminiana. Wenza watano wa duara moja, yaani shimo moja la uchimbaji, hawataki dhahabu yao ipotee machoni, hata kwa nusu saa, ndani ya chuma cha mtu mwingine. Wasiwasi huo una msingi na usibezwe. Dawa yake ni ritoti ndogo ya kundi moja kwa wakati mmoja, kupima donge mbele ya wote kabla ya kufunga, kupima dhahabu na zebaki mbele ya wote baada ya kufungua, na kukwangua chungu hadharani.

Nguo, paa na duka la mnunuzi

Zebaki iliyochomwa nyumbani haiondoki pamoja na moshi. Hupoa na kutulia kwenye kuta, mapazia, magodoro na sakafu ya udongo, kisha huvukiza tena kila jua linapopasha chumba. Nyumba iliyowahi kuchomewa dhahabu ifunguliwe madirisha kila siku, tabaka la juu la sakafu ya udongo likwanguliwe likiwa limelowanishwa, na maji ya mvua ya paa lake yasinywewe. Jiko na sufuria vilivyotumika kuchomea visipikie tena chakula. Nguo za kazi zibaki kazini. Zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi za mtoto.

Dhahabu iliyotoka kwenye moto wa mchimbaji bado ina zebaki ya asilimia 2 hadi 5. Mnunuzi anapoiyeyusha, kwenye nyuzi zaidi ya 1,064, sehemu hiyo yote inatoka. Kwa hiyo fundi wa duka la dhahabu, anayeyeyusha mara kumi kwa siku katika chumba kidogo sokoni, anaweza kuwa na zebaki nyingi mwilini kuliko mchimbaji aliyemletea. Feni ya kutoa moshi nje haitoshi, inamhamishia jirani na mama ntilie wa upande wa pili. Inayofaa ni kofia ya moshi iliyowekwa juu ya jiko, yenye mtambo wa kupozea mvuke na kuukamata kabla ya hewa kutoka.

Kuhusu barakoa, hapa pasiwe na utani. Kitambaa hakizuii mvuke, wala barakoa ya hospitali, wala ile ya vumbi. Inayozuia ni ya mpira inayobana uso, yenye kichujio kilichoandikwa Hg-P3, chenye mistari ya nyekundu na nyeupe. Kichujio hicho hutumika kwa saa 50, kisha hutupwa, hata kama kinaonekana kipya. Ndevu huacha nafasi pembeni na kuifanya kazi yote kuwa bure.

Zebaki ikimwagika

Toa watu na wanyama, fungua milango. Usifagie: ufagio huipasua kuwa vitone mamia vinavyoingia kwenye nyufa. Laza tochi karibu na sakafu, vitone vitang'aa. Visukume kwa kadi mbili ngumu vikutane, vinyonye kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vidogo vibandue kwa utepe wa gundi, na vyote viingie kwenye chupa yenye maji. Kwenye nyufa zisizofikika nyunyiza unga wa salfa, unaoshikamana na zebaki na kupunguza mvuke. Usiimwage chooni wala usiitie moto taka ulizotumia kusafishia.

Dalili, na la kufanya kwa aliyevuta

Kuna sura mbili. Ya ghafla humpata aliyechoma ndani ya chumba kilichofungwa. Saa chache baadaye huanza kukohoa, kifua kubana, homa, kutetemeka kwa baridi, kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni. Kila mtu atasema malaria. Mtoe nje umpeleke kwenye hewa safi, mvue nguo, mkalishe badala ya kumlaza chali, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baada ya kuonekana amepata nafuu. Mwambieni daktari kwa maneno haya haya: amevuta mvuke wa zebaki. Msiposema, hakuna kitakachomfanya aulize. Wote waliokuwa nyumba hiyo wapimwe, watoto kwanza.

Maziwa hayaondoi zebaki. Mafuta hayaondoi. Imani hii imeenea migodini, na ubaya wake ni kwamba mtu akishakunywa nusu lita anaona amejikinga na anarudi kuchoma.

Sura ya pili ni ya polepole. Usingizi unapotea, hasira zinakuja bila sababu, mtu aliyekuwa mchangamfu anajitenga, anasahau, fizi zinavimba na kutoa damu, mate yanajaa mdomoni, kisha vidole vinaanza kutetemeka. Njia rahisi ya kufuatilia ni karatasi: kila mwezi mwambie achore duara linalozunguka kama nyumba ya konokono, uandike tarehe. Mstari ukianza kuwa na mawimbi, afumbe macho na aguse ncha ya pua kwa kidole. Akikosa mara kwa mara, ni wakati wa kupima.

Kipimo cha mvuke ni mkojo, na bora ule wa kwanza wa asubuhi. Uchukuliwe mbali na mgodi, baada ya kuoga na kubadili nguo, kwenye chombo cha hospitali. Chembe moja ya vumbi la mwaloni inaweza kuharibu jibu. Chini ya mikrogramu 7 kwa lita, hali ni ya kawaida. Zaidi ya 25, mtu aondolewe kwenye kazi ya kuchoma na achunguzwe figo na mishipa ya fahamu. Kwa Tanzania, hospitali inaweza kuwasiliana na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ziko dawa za kuivuta zebaki itoke kwa mkojo, kama DMSA, lakini hutolewa na daktari na zina manufaa kidogo kwa anayerudi kuchoma kesho yake.

Samaki, marudio na mjamzito

Zebaki inayofika mtoni au ziwani hubadilishwa na bakteria wa kwenye tope kuwa methili-zebaki, na hii tumbo linainyonya kwa asilimia 95 hivi. Dagaa huibeba kidogo, mkubwa anayewala wadogo huibeba nyingi, na kadiri anavyozeeka inaongezeka. Haikai kwenye mafuta wala ngozi; iko ndani ya nyama, kwa hiyo kukaanga, kuchemsha au kukausha hakuipunguzi. Hili ndilo lililowapata watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956 baada ya kiwanda kumwaga taka zake baharini, na watoto walizaliwa na ubongo ulioharibika wakati mama zao walikuwa na dalili chache tu.

Kipimo kinachokubaliwa kimataifa ni mikrogramu 1.6 za methili-zebaki kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki. Mama wa kilo 60 ana nafasi ya mikrogramu 96. Samaki mwenye miligramu 0.5 kwa kilo humaliza nafasi hiyo kwa gramu 192, kipande kimoja kikubwa. Samaki mwenye 0.05 angehitaji karibu kilo 2. Kwa hiyo mjamzito asiache samaki, kwani mtoto anawahitaji. Achague dagaa na sato, na papa, jodari wakubwa na sangara mkubwa awapishe hadi anyonyeshe na kumaliza. Aache pia mkorogo na sabuni za kung'arisha ngozi zisizoeleweka zilikotoka, maana baadhi yake zimetiwa zebaki hiyo hiyo.

Marudio yenye zebaki yasipelekwe kwenye sayanaidi kabla zebaki haijatolewa. Sayanaidi huiyeyusha pamoja na dhahabu, ikaenda na maji mbali zaidi kuliko ingeenda peke yake. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo kuchukua hatua za kukomesha jambo hili, pamoja na kutia zebaki kwenye mawe yote, kuchoma donge wazi, na kuchoma kwenye makazi.

Kuiacha zebaki kabisa

Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, huyeyusha dhahabu kwa boraksi bila zebaki, na wamefanya hivyo kwa miongo kadhaa. Mchanga mzito huoshwa kwa karai hadi ubaki mchache sana na dhahabu ionekane kwa macho, huchanganywa na boraksi na maji kidogo, hufungwa kwenye mfuko mdogo wa plastiki ili mvukuto usiupeperushe, kisha huwekwa kwenye chungu cha udongo na kupigwa moto mkali. Boraksi hushusha joto la kuyeyuka la uchafu unaozunguka dhahabu, uchafu unakuwa kama kioo chepesi juu, dhahabu inazama chini.

Hukwama pale uoshaji unapokuwa wa haraka: mchanga ukibaki mwingi, boraksi inatumika nyingi na moto hautoshi. Pia hukwama kwenye mawe yenye salfidi (madini yenye salfa) nyingi, ambapo dhahabu hubaki imenaswa ndani ya uchafu. Kabla ya kuamua, gawa mchanga wenu mzito kwa mizani sehemu mbili sawa, moja ichomwe kwa ritoti na nyingine kwa boraksi, mpime dhahabu zote mbili mbele ya kundi zima, na mrudie kwa mawe ya duara lingine.